Kifaransa Nilichojifunzia Mbotela

Jumapili ile nilitoka kanisani mbio kama mtu aliyeacha chungu mekoni, ilhali mekoni hapakuwa na kitu. Nilishindwa tu kusimama na watu kusalimiana. Nilipita njia ya nyuma ya nyumba za reli kule Makongeni, Nairobi, nikafika nyumbani, nikakaa kitandani, nikainuka, nikakaa tena. Mama yangu akaniuliza kama tumbo linaniuma.

Ibadani tulikuwa na mgeni. Alikuwa mama wa makamo, Mkenya, aliyekuja likizo kutoka Chad, ambako alikuwa mmishonari kwa miaka mingi. Hakuhubiri. Alitueleza tu kwamba katika mji mdogo anakoishi kuna chumba chenye cherehani sita za kukanyaga kwa mguu. Ziliwekwa pale ili wanawake wajifunze kushona, lakini mwalimu hakupatikana, na sasa zilikuwa zimefunikwa shuka mwaka mzima. Akasema wanawake wa mtaa ule hupita wakachungulia dirishani, kisha wakaenda zao.

Mimi nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na tisa kati ya hiyo nilikuwa nimeimaliza katika kiwanda cha nguo kule Industrial Area. Naijua cherehani kama mama anavyoijua homa ya mtoto wake. Ikikohoa najua ni wapi. Siku zote nilikuwa nikidhani wamishonari ni watu wa digrii, watu wenye sauti za kuhubiri uwanjani. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba Mungu anaweza kumhitaji mtu kwa sababu anajua kushona zipu. Mgeni aliposema zile cherehani zimefunikwa shuka, nilihisi mikono yangu ikitaka kwenda kuzifunua.

Nilimweleza mama jioni hiyo hiyo. Sisi ni Wakamba, na kwetu mama huitwa mwaitu. Nilimwambia, "Mwaitu, nataka kwenda Chad kufundisha kushona." Alikuwa akichambua maharagwe. Aliendelea kuchambua. Baadaye akauliza Chad ni mbali kuliko Mombasa, nikamwambia ni mbali zaidi, na hakuniuliza kitu kingine tena kwa miezi mingi. Baba alikuwa ameshafariki, ndugu zangu wawili wa kiume walikuwa wameoa na kuhamia kwao, na katika ile nyumba tulikuwa tumebaki wawili tu, yeye na mimi. Nilielewa kwa nini alinyamaza, lakini kuelewa hakukufanya kimya kile kiwe chepesi.

Mchungaji wetu aliniandikia barua kwa kundi la misheni lililomtuma yule mgeni. Wakanipa masomo ya Biblia ya kila Jumamosi kwa nusu mwaka, nikayamaliza. Wakaniambia nijifunze Kifaransa cha kuanzia. Nikanunua kitabu kilichokwisha tumika, nikaweka masomo kwenye simu, nikawa nasoma wakati wa chakula cha mchana kiwandani, maneno yameandikwa kwenye karatasi niliyoibandika kwa gundi kwenye mkono wa kiti changu. Wenzangu walicheka, kisha wakaanza kunisalimu kwa Kifaransa. Ilifika mahali mstari wetu wote wa mashine ulikuwa ukisema "bonjour" msimamizi akipita, na yeye hakujua tunamcheka au tunamheshimu.

Ilibaki mahojiano ya mwisho tu, nami nilihesabu kwamba nimeshapita. Nikatoa taarifa ya kuacha kazi. Wenzangu wakanifanyia sherehe ya kuniaga pale pale kwenye uwanja wa kiwanda, soda na mandazi, na wakanikabidhi sanduku kubwa jekundu la magurudumu. Niliondoka pale nikilivuta barabarani, linapiga kelele kwenye mawe, na watu wananiuliza ndege ni saa ngapi.

Mahojiano yalifanyika siku iliyofuata, Jumamosi asubuhi, kwa kompyuta, katika kiofisi cha mchungaji. Kwenye skrini kulikuwa na watu watatu. Walianza kwa Kiingereza, mambo yakaenda vizuri. Kisha mwanamume mmoja, Mchadi, akahamia Kifaransa. Sauti ilikuwa ikija kama maji ya bomba letu, mara kidogo, mara hakuna. Aliniuliza swali fupi. Nilisikia neno la "tatu" ndani yake, nikaona ananiuliza kama nyumbani tuko watatu. Nikajibu kwa furaha kwamba hapana, sisi ni wanne, mama na watoto wake. Watu wale wakatazamana. Kumbe alikuwa ameniuliza kama Nairobi kuna baridi, neno ambalo kwa Kifaransa linakaribiana na tatu. Maswali yaliyofuata yalikuwa hivyo hivyo. Kadiri nilivyotoa jasho ndivyo nilivyosikia kidogo.

Jibu lilikuja Jumapili kwa barua pepe, na mchungaji akanisomea baada ya ibada, sauti yake ya upole kama anasoma tangazo la msiba. Walimshukuru Mungu kwa moyo wangu. Lakini waliona lugha ni mzigo mzito kwangu, na pengine Bwana alikuwa na nafasi yangu hapa hapa nyumbani.

Mama alipika kuku siku hiyo. Kuku na chapati, siku ambayo haikuwa sikukuu wala hakukuwa na mgeni. Hakusema anafurahi. Alinipakulia paja, akanitazama nikila, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyeshushiwa gunia. Nilikula kwa sababu ni mama yangu. Kila tonge nililisukuma kwa maji.

Jumatatu nilirudi kiwandani kuomba nafasi yangu. Hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizowahi kwenda kwa miguu. Msimamizi alinitazama, akatazama mashine yangu, akasema, "Kaa. Kiti chako hakijapoa." Nilimshukuru, na bado ninamshukuru. Lakini wenzangu hawakujua wafanye nini na nyuso zao. Hakuna aliyesema bonjour tena. Na mtaani ilikuwa vibaya zaidi, kwa sababu kule hakuna anayejua kunyamaza. Yule dada anayeuza sukumawiki karibu na lango letu alikuwa akiniita kila jioni, "Sasa misheni, kumbe bado uko?" Hakuwa na ubaya. Alikuwa akiuliza tu. Nilianza kununua sukumawiki kwa mwingine.

Sala yangu wakati huo haikuwa na maneno mazuri. Nilishindwa hata kuimba kanisani, nikawa nafungua mdomo tu ili jirani asinitazame. Lakini kila asubuhi, nikifunga kamba za viatu, nilisema sentensi moja: "Bwana, kama si wewe uliyenituma, ziondoe hizi cherehani kichwani mwangu." Nilisema hivyo wiki tatu. Hazikuondoka. Nilikuwa nikiziota, nikijua ipi mkanda wake umelegea na ipi inahitaji mafuta, mashine ambazo sikuwahi kuziona kwa macho. Wiki ya nne nikachoka kuomba ziondolewe. Nikasema basi, kama zinabaki, na mimi sitabaki nimekaa. Siku hiyo nilifunga kamba za viatu nikicheka peke yangu, na mama akachungulia kutoka jikoni.

Nilikuwa nimesikia kuna mama Mkongomani anayeshona na kuuza vitenge Mbotela. Nikamwendea Jumamosi baada ya kazi. Kibanda chake kilikuwa chembamba, vitenge vimetundikwa mpaka juu, naye amekaa katikati na miwani puani. Nilimweleza shida yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa gauni lenye pindo lililofumuka, akaniambia nilishone kwanza. Nililishona. Akaligeuza, akalitazama kwa ndani, akasema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi kwamba mkono wangu unajua kazi. Tukapatana hivyo: mimi nimsaidie kushona kila Jumamosi alasiri, yeye anifundishe.

Hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Alisema neno, mimi nikarudia, akatikisa kichwa, akasema tena. Jumamosi mbili za kwanza nilirudi nyumbani nimevunjika. Maneno yale yale niliyoyasoma kitabuni nikayajua, yakitoka mdomoni mwake yalinipotea. Nilianza kuamini ile barua. Labda kichwa changu kilikuwa kimefika mwisho wake.

Jumamosi ya tatu kulikuwa na mteja, kwa hiyo tulibadilishana viti, mimi nikakaa upande wa mlangoni na mwalimu akawa kulia kwangu. Mteja alipoondoka tukaendelea hivyo hivyo. Akasema neno, nikarudia. Akasema jingine, nikarudia. Akasema sentensi nzima, nikairudia nzima. Aliacha kushona. Akavua miwani. Akainuka, akapita nyuma yangu, akasimama kushoto, akasema neno kwa sauti ile ile. Nikarudia upuuzi. Akarudi kulia, akalisema. Nikalirudia sawasawa.

Alichukua mkasi akaugonga taratibu kwenye kopo la vifungo, upande huu, upande ule, huku akinikataza kugeuka. Kisha akaja mbele yangu akanishika mabega.

"Mwanangu," akasema, "wewe si mjinga hata kidogo. Sikio lako la kushoto limelala."

Nilikaa pale nimeshika kitenge cha watu. Nikakumbuka kiti changu kiwandani, miaka tisa, na ile mashine kubwa ya kusukuma hewa inayonguruma upande wa kushoto toka asubuhi mpaka jioni. Nikakumbuka jinsi ninavyoweka simu kulia kila mara bila kujua kwa nini. Mtu mwingine angelia. Mimi niliona kama nimefunguliwa mlango. Nilikuwa nimebeba aibu ya kichwa kizito wiki ngapi, na kumbe kichwa hakikuwa na kosa. Nilimkumbatia yule mama mpaka pini zake zikanichoma.

Daktari wa masikio alinifungia vipokea sauti, akanipima, akathibitisha. Sikio la kushoto lilikuwa limepoteza sehemu kubwa, hasa zile sauti nyembamba, na halingerudi. La kulia lilikuwa karibu zima. Aliniandikia nihamishwe nisikae tena karibu na kelele ile.

Nilifika nyumbani nikamweleza mama. Nilidhani atasema, basi ndiyo sababu nyingine ya kukaa. Alikuwa akikunja nguo. Aliacha kukunja, akakaa polepole kwenye kiti, akaniuliza limeanza lini. Nikamwambia sijui, labda miaka mitatu, minne. Akaanza kunihesabia. Siku aliyoniita kutoka bafuni nikapita. Siku aliyoniambia habari ya shangazi yangu mgonjwa nikaendelea kupiga pasi. Jioni nyingi alizozungumza nami upande wa jiko, ambao ni kushoto kwa kiti changu, na mimi nimetazama mbele.

"Nilidhani unanidharau," akasema. "Nilidhani moyo wako umeshaondoka hapa zamani, hata kabla ya hiyo Chad. Nikasema na aende basi, lakini mimi sitambariki."

Ndipo nilipoelewa kimya chake chote. Nilivuta stuli nikakaa upande wa pili, yeye akiwa kulia kwangu, nikamwambia, "Mwaitu, niambie sasa yote niliyokosa kusikia." Tulizungumza mpaka chai ikapoa mara mbili. Aliniambia habari za baba ambazo sikuwahi kuzijua. Aliniambia anaogopa kufa mimi niko mbali. Mimi nikamwambia ninaogopa hilo hilo. Kisha tukaomba pamoja, yeye kwa Kikamba, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiitaja Chad mbele ya Mungu. Aliitamka vibaya. Sikuwahi kusikia neno tamu kama hilo.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikageuka shule. Mama hakuenda zaidi ya darasa la sita, lakini alisema kama kitabu kina herufi basi na yeye anaweza kukisoma. Kila jioni alikaa kulia kwangu akanisomea maneno ya Kifaransa jinsi yalivyoandikwa, herufi zote, hata zile ambazo Wafaransa wenyewe hawazitamki. Mimi ilinibidi nikisie neno alilokusudia, kisha nilitamke inavyopasa. Hakuna mtihani mgumu kama huo. Jirani mmoja alimuuliza mama kama sasa tumeingia dini nyingine.

Nilipohisi niko tayari, nikamwomba mchungaji awaandikie watu wa misheni wanisikilize tena. Walikubali, ila wakatuma fomu mpya, na ndani yake kulikuwa na swali la afya: je, una tatizo lolote la kuona au kusikia. Fomu ile ilikaa mezani siku mbili. Niliogopa. Nilikuwa nimepita mlango mmoja kwa shida na sasa nikaona mwingine. Mtu mmoja wa kanisani, mwenye nia njema, alinishauri niandike hapana, kwa kuwa sikio moja linanitosha na hakuna atakayejua.

Nilimwuliza mama. Aliniambia kwamba yeye aliishi na uongo wa sikio hilo miaka minne, ingawa hakuna aliyeusema, na asingependa nianze kazi ya Mungu na uongo nilioandika kwa mkono wangu. Nikaandika yote, nikaambatanisha karatasi ya daktari. Chini nikaongeza sentensi moja, kwamba ninaomba katika mahojiano nitumie kipokea sauti cha sikio la kulia. Nilipomkabidhi mchungaji bahasha, mikono yangu ilikuwa imetulia. Sikujua watasema nini, lakini nilijua sina kitu ninachoficha, na furaha ya hilo ilinifanya nitembee kutoka kanisani mpaka Jogoo Road na kurudi bila shughuli yoyote.

Siku ya mahojiano mama alikuja. Alikataa kubaki nyumbani. Alikaa kwenye benchi nje ya kiofisi cha mchungaji, pamoja na yule mwalimu wangu wa Mbotela aliyefunga kibanda chake asubuhi nzima kwa ajili yangu. Sura zikawa zile zile tatu. Safari hii sauti ilikuwa safi. Yule Mchadi akaniuliza kuhusu kazi yangu, nikamweleza. Akaniuliza kuhusu kanisa letu, nikamweleza, nikakosea, nikajirekebisha. Kisha akauliza: wanawake wa kule husema haraka, wote kwa pamoja, na chumba kina kelele. Utafanya nini usipomsikia mtu?

Kwa Kifaransa changu cha kitenge nikamjibu kwamba nitamwomba aje upande wa kulia, aseme tena. Na kama bado sikuelewa, nitamwomba aseme tena. Kwa sababu watu wengi hawajawahi kuombwa na mtu warudie walilosema.

Alicheka. Akamtafsiria mwenzake ambaye hakushika, naye akacheka. Hawakungoja wiki. Waliniambia nisubiri nje, wakaniita baada ya muda mfupi, na mchungaji ndiye aliyefungua mlango akiwa ameshindwa kuficha meno. Mama alinitazama uso akajua. Alipiga vigelegele pale kwenye ukumbi wa kanisa, vile vya Kikamba vya harusini, mpaka mlinzi akaja. Mwalimu wangu akadakia kwa vile vya kwao. Mimi nilisimama katikati yao nikasikia vyote.

Jumapili niliyoagwa, kanisa halikutosha. Wale wenzangu wa kiwandani walikuja, hata wasiosali kwetu, wakakaa mstari mmoja kama mashine zetu. Yule dada wa sukumawiki alikuja amefunga kilemba kipya, akaniuliza mlangoni sasa atamtania nani. Wakati wa kuwekewa mikono, mchungaji alimwomba mama aje mbele. Mama hakuomba sala ndefu. Aliweka mkono kichwani kwangu, akasema kwa Kiswahili ili watu wote waelewe, "Bwana, huyu nimekupa. Si kwamba umeninyang'anya. Nimekupa." Nilikuwa nimejiandaa kutolia, lakini maandalizi yale hayakufika popote.

Sasa nina mwezi wa saba Chad. Mama yuko kwa kaka yangu mkubwa, mzima, na kila Jumapili ananipigia simu na kunisomea Kifaransa kipya alichookota, bado na herufi zake zote. Joto la hapa sijalizoea, na Kiarabu cha sokoni bado kinanipita. Kuna siku zinanielemea, na siku hizo ninafunga kamba za viatu na kusema sentensi yangu moja, ingawa siku hizi ni ya shukrani.

Wanafunzi wangu ni kumi na mmoja kwa cherehani sita. Jumanne iliyopita mmoja wao, bibi mwenye wajukuu, ambaye mwezi mzima uzi ulikuwa ukimkatikia, alishona upande mzima wa foronya ya mto bila kusimama. Alipofika mwisho aliinua kile kitambaa juu, akautazama ule mshono ulivyonyooka, akaanza kucheka. Wenzake wakaacha mashine zao wakaja kumzunguka. Kila mmoja alitaka kukigusa. Wakakipitisha mkono kwa mkono mpaka kikanifikia, na bibi akaniambia nisikirudishe bado, ngoja kwanza akaite binti zake waje waone.